Mshika Kamba Bwawani

Gari langu la miaka ile lilikuwa Hiace iliyong'olewa viti vyote isipokuwa vya mbele. Nyuma nilikuwa na kitanda cha mbao, jiko la mkaa, madumu ya maji, sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine, na pazia la kitenge. Sikulitengeneza hivyo kwa ajili ya raha. Dhahabu ilipotoka Nyakunguru, chumba cha udongo kisicho na mlango kilipanda bei mpaka mwenye nyumba anakutajia huku anaangalia pembeni kwa aibu. Mimi nilikuwa nauza chakula kwa wachimbaji, na kwangu ni Nkende, Tarime mjini, mbali kwa mtu wa kurudi kila jioni na masufuria. Nikapiga hesabu, nikairudia, nikaona ni heri nilale kwenye gari. Wachimbaji waliliita konokono. Nikawaambia sijasikia konokono aliyefukuzwa na mwenye nyumba.

Ndani ya konokono huyo ndimo nilimompakia kaka yangu, mwezi na siku kidogo baada ya kumzika mdogo wetu, nikampeleka kwenye bwawa moja la wilaya ya Serengeti, kuvua samaki.

Kwetu tulikuwa watatu. Kaka ndiye wa kwanza, mimi binti pekee wa katikati, na mdogo wetu wa mwisho. Wao wawili walifanya kazi kwenye duara moja, yaani shimo moja la dhahabu. Mdogo wetu alikuwa anashuka chini, kaka anashika kamba juu. Kamba ndiyo ilikuwa mdomo wa aliyeko chini. Akiitingisha mara moja, anataka ashushiwe ndoo. Mara mbili, mzigo uko tayari. Akiitingisha mfululizo, vuta mtu. Siku moja ardhi ikakaa juu ya mdogo wetu. Tulimzika nyumbani kwa wazazi, Gorong'a, na kaka akaja kukaa kwangu. Alikuwa anakula nikimwambia kula, analala nikimwambia lala. Halafu mwenye duara akatuma salamu: shimo limesafishwa, kazi inaanza Jumatatu, nafasi yake ipo. Kaka akajibu kwamba atafika.

Sikutaka arudi. Mimi ni mtu wa kutaka vitu vingi, lakini kipindi kile nilitaka hicho kimoja tu.

Kwa nini bwawani? Niliwahi kupita pale nikipeleka mitumba mnadani Mugumu, nikaona watu wamekaa kwenye majani na nyuzi zao, hakuna anayempigia mwenzake kelele. Na miaka mingi ya kuuza imenifundisha kitu: mteja ukitaka akusikilize, kwanza mtoe mbele ya duka la mwenzako. Nyakunguru ndiyo ilikuwa duka la mwenzangu. Bahati mbaya barabara ya Mugumu inapita hapo hapo karibu. Tulipofika usawa wa njia ya mashimoni nikakanyaga mafuta, na gari, ambalo halijawahi kunisaidia wakati wa shida, likagoma kuingia gia. Tukapita pale polepole kama harusi. Kaka aliangalia upande ule mpaka shingo ikaishia.

Mlinzi wa bwawa alikuwa mzee wa Kiikoma, amevaa koti la mvua na jua linawaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gari limewafia?"

"Halijafa. Tumekuja kulala hapa, tuvue samaki, keshokutwa tuondoke."

Alilizunguka gari. Akachungulia ndani, akaona kitanda, akaona sufuria, akagusa pazia.

"Wanaolala kwenye magari ni Wazungu wa mbugani," akasema. "Na wale wana nyumba kwao. Nyie mmefukuzwa wapi?"

"Tumetoka Tarime."

"Aaa." Akageuka kuangalia ng'ombe waliokuwa wanakunywa ng'ambo, maana sifa ya watu wa Tarime huko ni wizi wa ng'ombe. "Mura, mmekuja kwa heri?" akamuuliza kaka, kwa neno letu la kumwita kijana.

"Wahesabu ng'ombe wako sasa hivi, mzee," nikajibu mimi. " Na keshokutwa uwahesabu tena tukiondoka. Wakizidi, utuambie."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kaka naye akatoa sauti kidogo puani, nikaiweka moyoni kama faida ya kwanza ya safari.

Ndoano ilikuwa ruksa, nyavu hapana. Kuhusu kulala mzee akasema hajaambiwa kama inaruhusiwa. Nikamuuliza kama ameambiwa kwamba imekatazwa. Akasema hapana. Tukaelewana hapo katikati. Alitaja sukari, nikampa nusu ya aliyotaja, na ile nusu nyingine nikaijazia kwa ahadi: samaki wa kwanza ni wake. Ahadi ya samaki wa kwanza ni nzuri sana. Haina uzito mpaka atoke majini.

Sisi Wakurya ni watu wa ng'ombe na mahindi, samaki tunamjua akiwa amekaangwa. Mimi kuvua nilifundishwa na shangazi yetu aliyeolewa na Mjaluo upande wa Kenya, nilipokuwa naenda kwake likizo. Kwa hiyo bwawani pale mwalimu nilikuwa mimi. Nilimchimbia kaka nyungunyungu, nikamfungia ndoano, nikamwonyesha jinsi ya kuurusha uzi na kuulaza juu ya kidole. Nikamwambia samaki akigusa, usifanye kitu. Anaonja. Akishameza, mshtue kidogo, halafu mlete taratibu, kama unamwita.

Maji yalikuwa yametulia. Wanawake walikuja na ndoo wakaondoka, mbayuwayu wakashuka wakainuka. Uzi wa kaka ukacheza.

Kaka akaruka. Alisimama wima, akapanua miguu, akachimbia visigino ardhini, akauvuta ule uzi mwembamba kwa mikono miwili, mkono juu ya mkono, amelalia nyuma kwa uzito wote na pumzi zinamtoka kwa sauti. Ndoano ilitoka majini ikapita juu ya vichwa vyetu, na kipande cha mdomo wa samaki juu yake.

"Umemvuta kwa nguvu," nikamwambia.

"Nimeona."

Nikamfungia chambo kingine. Ikawa vile vile. Cha tatu vile vile. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kila nikimwelekeza, na uzi ukitikisika tu anaruka. Viganja vilianza kumchanika. Mlinzi alikuwa amekuja kuulizia samaki wake, amesimama nyuma yetu na koti lake.

"Mura, unavuta sato au unavuta ng'ombe aliyetumbukia kisimani? Huyo ni samaki wangu unamchana midomo!"

Nilicheka. Kwa kweli nilicheka, maana ndivyo ilivyokuwa. Kisha nikaangalia macho ya kaka, nikaona hayako majini. Anapovuta, alikuwa anaangalia chini, hatua moja mbele ya vidole vyake vya miguu, mahali ambapo palikuwa na majani tu. Sikuwa nimewahi kumwona kazini. Wanawake hatukuruhusiwa kufika kwenye mdomo wa duara. Mwisho wetu ulikuwa kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, na hapo ndipo nilipokuwa napikia. Ndiyo maana nilichelewa kuelewa ninachokiona. Alikuwa anavuta mtu.

Mlinzi alipoondoka nikajaribu tena kwa sauti ya chini.

"Kaka, akigusa, ngoja. Ngoja kidogo tu."

Aliulaza uzi kwenye majani, akatafuta jiwe, akaliweka juu yake. Akakaa.

"Mimi kungoja siwezi," akasema.

Kwenye kuuza, mteja akianza kujieleza mwenyewe, usimkatize.

"Unajua alikuwa na mchezo wake," akasema. "Akichoka kule chini anatingisha kamba mfululizo, kama mtu anayekufa. Mimi huku navuta roho iko juu. Nikiinua ndoo nakuta ndani kuna kandambili yake. Moja. Nasikia anacheka kule chini, na mimi namtukana."

"Ndivyo alivyokuwa. Hata mama alimfanyia hivyo kwenye kisima."

"Siku ile ikatingishika. Nikasimama. Waliokuwa wamepumzika pale wakaniambia kaa chini, huyo mdogo wako anakuchezea, ngoja. Na mimi nilikuwa nimechoka, nikaona leo asinipate. Nikangoja. Sikungoja sana. Kama mtu anayewasha sigara kwenye upepo. Ikatingishika tena, nikaanza kuvuta, ikaja kidogo. Halafu kamba ikawa kamba tu."

Uzi ukaanza kutembea chini ya lile jiwe, ukanyooka kuelekea majini, ukarudi, ukatembea tena. Tuliuangalia wote wawili mpaka ukatulia.

Jioni tulikula ugali na dagaa wa kununua, kando ya bwawa lenye sato. Mlinzi akaja kwa ajili ya ahadi yake. Nikampakulia dagaa kwenye kisosi.

"Hawa ndio wa kwanza?" akauliza.

"Ni wa kwanza kwa udogo. Mkubwa anakuja."

Alikula akiwa amesimama, akaenda zake. Nikaona sasa ni wakati wa kutandika bidhaa. Nilianza na gari. Nikamwambia kaka aliendeshe yeye, mimi niuze tu, tuzunguke minada yote ya Serengeti. Akasema gari hili litatufia Ikoma, simba watapata makopo mawili ya nyama. Nikampa mitumba ya Nkende. Akasema hawezi kumwambia mwanamke suruali imempendeza wakati haijampendeza. Nikampa mjomba wetu wa Sirari, anayevusha mahindi, anatafuta mtu wa kuaminika. Akasema mjomba anatafuta mtu wa kulaumiwa. Nikampa shamba la Gorong'a, ambalo hata si langu la kumpa. Kila nilichokiweka mezani alikishika, akakigeuza, akakirudisha kwa upole. Mteja wa namna hiyo ndiye mgumu. Anayetukana bidhaa anaitaka. Anayeirudisha kwa upole ameshanunua kwingine.

"Una haraka gani ya kurudi pale?" nikamuuliza mwishowe.

"Mdogo wetu ana watoto. Na mshipa wa dhahabu waliukuta pale pale alipokuwa. Fungu lake wanasema nilifanyie kazi mimi, au lipotee."

"Lipotee."

"Rahisi kusema. Waambie watoto."

Alikwenda kulala nje, chini ya turubai nililolifunga ubavuni mwa gari, maana kwetu kaka na dada wakubwa hawalali chumba kimoja, hata kama chumba kina magurudumu.

Alfajiri niliamshwa na gari linatikisika kidogo kidogo, kama kuna mbuzi anajikuna kwenye bampa. Nikafungua pazia. Ukungu ulikuwa umekalia maji. Kaka alikuwa amekaa kwenye dumu, mikono imefumbatwa kwapani, mbali na uzi. Uzi wenyewe alikuwa ameufunga kwenye bampa ya gari. Umenyooka, unatetemeka, unaingia kwenye ukungu.

"Nimeliachia gari lingoje," akasema. "Lenyewe halina haraka."

Samaki nilimvuta mimi, taratibu. Alikuwa sato mnene, mgongo mweusi, anafungua na kufunga mdomo kama anayedai chenji. Mlinzi alipofika akampima kwa macho, akatuangalia, akaangalia kile kipande cha uzi kilichobaki kwenye bampa.

"Kwa hiyo kwenye familia yenu mvuvi ni gari," akasema.

"Tena halili," nikamjibu. "Chukua samaki wako, mzee."

Tulicheka wote watatu, kaka pia, na kwa sababu alicheka nilidhani nimemshika. Nikapuliza jiko, nikaweka chai. Mzee alipokwisha kuondoka na samaki wake kaka akasema, bila kuniangalia:

"Kamba sishiki tena. Nimekwisha amua. Jumatatu nitashuka mimi."

Birika lilikuwa limeanza kulia. Nililiacha lilie.

"Ushuke wapi?"

"Chini. Alipokuwa."

"Kaka, mimi nimekuleta huku usirudi. Wewe unaniongezea kina."

"Nikiwa chini, wa kutingisha ni mimi. Wa kuamua ni mwingine. Hicho nitakiweza. Kile kingine siwezi, umeona mwenyewe. Samaki tu nimewachana midomo."

Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia mama alikuwa na wana wawili wa kiume, amebakiwa na mmoja. Nilimwambia watoto wa marehemu nitawalisha mimi, hata kama nitauza konokono na kulala barazani. Akaitikia kwa kichwa, kama alivyokuwa anaitikia nilipomfundisha kuvua. Nikaona bei haishuki, nikafanya kitu ambacho mfanyabiashara hafanyi. Nikajiweka mwenyewe mezani.

"Basi kamba nitashika mimi."

Akanigeukia, karibu atabasamu.

"Mwanamke kwenye mdomo wa duara? Wataondoka wote siku hiyo hiyo. Watasema dhahabu imekimbia."

"Dhahabu inikimbie mimi? Mama mkwe mwenyewe hakunikimbia."

"Najua ungeshika vizuri," akasema. "Ungeshika vizuri kuliko mtu yeyote. Lakini hawatakubali, na mimi sitawaomba."

Tulikaa mpaka tarehe tuliyomwambia mlinzi, kwa sababu mimi nikisema keshokutwa ni keshokutwa. Tulivua. Kaka alikuwa anafunga nyuzi kwenye bampa, mimi navuta. Alikaa kwenye dumu akiniangalia ninavyowaleta samaki polepole, na mara moja nilimsikia akisema "hivyo, hivyo" kwa sauti ndogo, kama anamsomesha mtu. Ni siku ambazo ningezinunua tena kwa bei yoyote bila kuomba nipunguziwe. Tulipoondoka mzee akatupungia mkono, akapiga kelele kwamba ng'ombe wametimia.

Jumatatu nilimpeleka mwenyewe. Nilidhani njiani gari litagoma, likaenda kama jipya. Pale kwenye karasha akashuka, akanipa simu yake na saa nimtunzie, akapita kule tusikopita. Nikamwona mpaka kwenye rundo la mawe, akapotea nyuma yake.

Mimi sikuwasha jiko kwanza. Niliuliza ni nani atakayeshika kamba yake, nikaonyeshwa bwana mmoja mfupi, mabega mapana, aliyekuwa anakula kwa jirani yangu. Nikamwita.

"Shemeji, njoo."

"Mimi si shemeji yako."

"Utakuwa. Unapenda nini, nyama au maharage?"

Akaniangalia kama mtu anayetafuta mtego ulipofichwa. "Nyama."

"Kuanzia leo utakula kwangu, nyama, kila mchana, bure. Sharti moja tu. Kamba ya kaka yangu ikitikisika, usiulize mtu, vuta. Hata kama anakuchezea, vuta."

"Yule hachezi. Amenuna kama polisi."

"Basi kazi yako ni rahisi. Tumeelewana?"

Tukapeana mikono. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama nyayo. Nilifurahi kuvigusa.

Alikula kwangu msimu mzima wa mahindi. Alikuwa mlaji, Mungu amjalie, na wapishi wenzangu walinicheka kwamba nimeolewa na tumbo. Sikujali. Kila mchana akitokea nyuma ya lile rundo la mawe anajifuta jasho, nilijua kaka yuko salama, kwa sababu mshika kamba hawezi kuja kula wakati mtu wake bado yuko chini. Nilikuwa nampakulia kabla hajakaa. Jioni kaka mwenyewe alikuja, amepauka kwa vumbi mpaka kope, akala kimya, akalala chini ya turubai ubavuni mwa gari. Alianza kusema sema. Alinunua sare za shule za watoto wa marehemu, akanionyesha, akauliza kama mikono si mifupi.

Ilikuwa baada ya mvua za vuli kuanza. Mchana ulifika nikapakua sahani ya yule bwana, nikaifunika. Waliokuja kula wakala, wakaondoka, wengine wakaja. Niliifunua nikaona mafuta yameganda. Kule nyuma ya mawe mashine zilizimwa moja moja, mpaka nikawa nasikia moto wa jiko langu. Kisha nikaona wanaume wanakimbia, sikumwona hata mmoja anayekuja upande wetu.

Nilipita karasha. Hakuna aliyenizuia. Mwenye duara alikuwepo, na wote wanaojua kwamba mwanamke anakimbiza dhahabu walikuwepo, wakanipisha njia. Yule mshika kamba alikuwa bado amesimama pale, visigino vimezama kwenye tope, kamba imemzunguka mkono mpaka imemchubua ngozi, na wenzake watatu wanavuta pamoja naye. Alikuwa amevuta mara tu ilipotikisika. Wote walinihakikishia hivyo, na mikono yake nimeiona. Ardhi ilikuwa nzito zaidi.

Kaka tulimlaza Gorong'a, kando ya mdogo wake. Yule bwana alikuja msibani akakaa mbali, karibu na zizi, mikono imefungwa vitambaa. Watu wa kwetu hawakujua wamfanyeje, wakawa wanamzunguka kama jiwe la uwanjani. Mimi nikapakua sahani, nyama, nikampelekea.

"Dada, sistahili," akasema.

"Sijakuuliza unastahili nini. Utashikaje kijiko na vitambaa hivyo?"

Nikakaa chini mbele yake, nikamlisha kwa mkono wangu, tonge baada ya tonge, mpaka sahani ikaisha.